Shangazi, tangu nisome sicheki

BARUA

Assalaam alaykum Shangazi, na shikamoo.

Nimezaliwa Micheweni, Pemba, na nina miaka 25. Kwetu ni watu wa mwani. Mama yangu alianza kulima kabla mimi sijazaliwa, na kila kilichonisomesha kimetoka kwenye kamba zake: sare za skuli, madaftari, nauli ya meli ya kuvukia Unguja, hata godoro nililolalia dakhalia. Nilisomea sayansi ya bahari na mazingira, nikamaliza mwaka juzi, na alhamdulillahi nilifaulu vizuri. Ajira bado, naendelea kuomba.

Shida yangu haihusu mchumba wala mawifi, na najua hizo ndizo unazozizoea. Yangu ni kwamba tangu nisome sicheki.

Zamani bamvua, zile siku maji ya bahari yanapotoka mbali kabisa, lilikuwa sikukuu yangu. Maji yakitoka tunashuka pwani wanawake wote wa mtaa, chai ya rangi kwenye chupa, na kazi ya kufunga mbegu inageuka gumzo. Hapo ndipo utakaposikia nani kaposwa, nani kaachwa, nani kauza ng'ombe akamficha mkewe. Nilikuwa nikicheka mpaka nakaa kitako majini. Sasa miguu ikigusa maji tu nakumbuka grafu za joto la bahari. Nikiokota kotoni, ile aina ya mwani yenye bei, iliyogeuka nyeupe na kukatikakatika, naujua ugonjwa ule, najua unapata nguvu maji yakishapata moto, na najua maji hayarudi kuwa kama yalivyokuwa mama alipoanza. Yeye husema, "Mwaka huu bahari imechoka, mwakani itapumzika." Mimi najua haitapumzika. Nikimwangalia anavyosema hivyo huku anatabasamu, moyo unaniuma, na pia, Mungu anisamehe, namuonea wivu.

Halafu kuna gunia lenyewe. Nimejifunza kwamba mwani wetu unasafirishwa nje ukiwa mkavu, huko unatolewa ute unaotumika kuifanya aiskrimu iwe nzito na dawa ya mswaki ishikane. Sasa nikiingia dukani Konde nikaona boksi la dawa ya mswaki, siwezi kulinunua bila ya kupiga hesabu ya kilo za mama.

Bamvua lililopita nilishindwa kujizuia. Tumekaa tunafunga, nikawaeleza yote: joto, ugonjwa, ute, bei, nani anapata nini. Wakanyamaza. Kisha bibi mmoja akasema, "Kumbe tunajipiga mswaki wenyewe!" Wakaangua kicheko wote isipokuwa mama. Yeye aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, usituharibie bamvua." Tangu siku hiyo nikishuka nafunga peke yangu, upande wa pili.

Usiku ndiyo balaa. Nachukua simu nasoma: matumbawe ya Australia, barafu inayoyeyuka, vita, njaa, ripoti juu ya ripoti, mpaka saa nane. Asubuhi kichwa kizito, na mama ananiuliza, "Una nini?" Nitamjibu nini?

Wiki iliyopita katika darsa ustadhi wetu alitaja Hadithi ya Mtume (S.A.W.) kwamba lau tungelijua anayoyajua yeye, tungecheka kidogo na tungelia sana. Nilirudi nyumbani nikalia. Nikajiambia, basi jambo lenyewe limeshathibiti: ujuzi na furaha havikai nyumba moja.

Sasa mdogo wangu wa kiume kamaliza kidato cha sita na anataka chuo. Mama kaniambia nikae naye nimwelekeze. Shangazi, nataka kumwambia asiende. Abaki, avue na baba mdogo, aoe, acheke. Nitakuwa nimemdhulumu au nimemwokoa? Na je, ni dhambi kutamani nisingelisoma?

Wako,
Msomi wa Micheweni

JAWABU

Wa alaykum salaam, mwanangu, na marahaba. Barua za wachumba zimejaa mezani, zitangoja wiki ijayo, na wenyewe wanisamehe.

Nianze na pale ulipopita mbio. Joto la bahari umeliandikia, gunia umeliandikia, dawa ya mswaki umeiandikia. Ajira umeipa maneno manne: "Ajira bado, naendelea kuomba." Mtu aliyesoma akakaa nyumbani mwaka na zaidi, cheti kimo ndani ya mfuko wa nailoni juu ya kabati, kila wiki anaulizwa "Vipi, hawajakuiteni?", huyo angekuwa na huzuni hata kama angesomea ushoni. Usiubebeshe ujuzi mzigo wa ajira.

Na hili si la Pemba peke yake. Mwaka 1996 wachumi wawili, Andrew Clark na Andrew Oswald, walichapisha utafiti wa wafanyakazi wapatao 5,000 wa Uingereza. Walipowalinganisha watu wa kipato kimoja, waliosoma zaidi ndio walioridhika kidogo na kazi zao. Ukisoma haraka utasema, ahaa, elimu inaondoa furaha. Lakini maelezo yanayoingia akilini ni kwamba aliyesoma alitegemea makubwa, akapata alichopata mwenzake asiyesoma. Kinachomtafuna ni ile nafasi iliyopo baina ya alichoahidiwa na alichonacho. Hao ni watu wenye kazi. Wewe bado uko mlangoni.

Sasa Hadithi. Ni sahihi, na mimi si mtu wa kukutolea tafsiri mbele ya ustadhi wako. Lakini tukio lake linajulikana: Mtume (S.A.W.) aliyasema maneno hayo katika hotuba ya siku jua lilipopatwa, akiwazungumzia watu juu ya akhera. Hakuwa akiwazungumzia waliokwenda chuo. Na mwenye kuyasema ndiye aliyekuwa akiyajua hayo tusiyoyajua sisi. Haya, huyo mwenye kujua alikuwa na uso gani? Imepokewa katika Tirmidhi kutoka kwa sahaba Abdullah bin al-Harith kwamba hakuona mtu mwenye kutabasamu zaidi ya Mtume. Kwa hivyo nyumba moja ilivikusanya vyote viwili, tena nyumba hiyo. Mwulize ustadhi wako akusomee na hiyo ya pili.

Kuna na beti moja ya Kiarabu ambayo wasomi wetu huipenda sana, ya al-Mutanabbi, aliyeuawa mwaka 965. Maana yake ni kuwa mwenye akili hutaabika ndani ya neema kwa ajili ya akili yake, na mjinga hustarehe ndani ya dhiki. Tamu kweli. Lakini al-Mutanabbi alikuwa mtu wa majivuno yasiyo kifani, na unapoisoma beti ile unajua vizuri huyo mwenye akili ni nani. Nakutajia kwa sababu huzuni ya msomi ina ladha yake ya siri. Mtu anaweza kuanza kuipenda, akaivaa kama baibui jipya, ili watu wajue kwamba yeye anaona wasichokiona. Sisemi wewe uko huko. Nasema unafunga mwani peke yako upande wa pili, na upande wa pili ndipo mambo hayo yanapoanzia.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba ujuzi hauondoi kitu. Unaondoa. Waulize wanaume wa Pemba waliokulia karibu na mito na mabwawa. Utoto wao ulikuwa maji: wanatoka chuo cha Qur'an, kanzu pembeni, wanajitosa. Kisha kijana anakojoa damu, na wapo walioona ni jambo la kukua tu. Wakaja watu wa afya wakaeleza kwamba hicho ni kichocho, kwamba mnyoo unatoka kwa konokono wa maji yale yale unapenya ngozi, na kwamba mwisho wake ni kibofu kuharibika. Maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000, imefanya kazi kubwa juu ya maradhi haya. Hebu fikiria mtoto wa miaka tisa anayeambiwa mto ule usiuingie tena. Alikuwa na furaha, na ikaondoka kweli, na wala hakuna aliyemlipa. Anayesema elimu haina hasara hajawahi kumkataza mtoto kuogelea.

Lakini angalia kilichofuata. Walioleta ile habari mbaya walikuja na vidonge, vikagaiwa maskulini. Wangekuja na habari ya konokono peke yake, wakaondoka, ungekuwa ukatili. Mzazi angebaki anauangalia mto na kuuogopa, na hana la kufanya. Hapo, mwanangu, ndipo ulipo wewe na mwani wako. Umepewa habari ya konokono, vidonge hukupewa, na ukawagaia wenzako konokono yule yule katikati ya kazi, kabla maji hayajajaa.

Ndiyo maana mama alisema usituharibie bamvua. Na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo uliponitia mashaka.

Umeandika kana kwamba mama hajui. Nani kakwambia? Kilimo cha mwani cha kuuza kilianza kwetu mwaka 1989 huko Paje na Jambiani, kisha kikaenea Unguja na Pemba. Mama yako yumo ndani yake zaidi ya umri wako. Kotoni ilipokuwa ikinawiri alikuwapo. Ilipoanza kufa hovyo, alikuwapo na kamba mkononi. Kotoni ndiyo yenye bei na ndiyo isiyostahimili joto. Spinosamu, aina ya pili ya mwani, inastahimili zaidi lakini bei yake kilio. Hilo hukulileta wewe kutoka Unguja. Mama yako amelipigia hesabu kila msimu: afunge ipi, ngapi, akose wapi apate wapi, ili godoro lako lipatikane. Anaposema bahari imechoka, anasema kile kile unachokisema wewe kwa grafu. Hiyo "mwakani itapumzika" ndiyo nyongeza yake, na sidhani kama anaitoa kwa sababu anaiamini sana. Anaitoa kwa sababu kesho alfajiri lazima watu washuke tena.

Na yule bibi wa mswaki! Umemwandika kama mtu aliyeyadharau maneno yako. Mimi namuona kayaelewa kuliko wote. Katika neno moja kaikusanya biashara nzima: tunauza mwani kwa senti, tunaununua kwa shilingi, na ulimwengu unatoka na meno meupe. Ukimpata mwalimu wa chuo aliyelisema kwa ufupi hivyo nitajie jina lake. Wakacheka. Sasa kicheko kile ni cha wajinga? Wanawake wameinama saa nne ndani ya maji ya chumvi, migongo inawauma, jua liko juu ya vichwa, na bei imepangwa na mtu ambaye hawajamuona. Wakikosa kucheka, nani atamaliza kufunga?

Mama alichokukataza ni kuingiza wakati wa gumzo habari isiyo na pa kwenda. Hakukwambia kwamba huo ni uongo. Hakukwambia nyamaza maisha. Alisema bamvua.

Unakijua kisiwa cha Misali, magharibi ya Chake Chake. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhr aliwatokea wavuvi pale akaomba msala wa kusalia. Walipokuwa hawana, akasema basi kisiwa chenyewe ndicho msala wangu. Ni masimulizi, yachukue hivyo. Lakini Khidhr ndiye yule ambaye Suratul Kahf inatueleza safari yake na Nabii Musa, na hakuna kisa kinachokuhusu zaidi ya hicho. Kabla ya kuondoka, Khidhr anamwambia Musa kwa maana hii: utawezaje kuvumilia jambo usilolijua kwa ukamilifu? Wanapanda chombo, Khidhr anakitoboa. Musa anaona tundu, anapiga kelele, na ana haki, kwa sababu tundu ni tundu. Baadaye anaambiwa kwamba wenye chombo ni masikini wafanyao kazi baharini, na mbele yao kuna mfalme anayepora kila chombo kizima. Musa alijua nusu, akaumia. Khidhr alijua zaidi, akatulia. Ajabu ya kisa hiki ni kwamba dawa ya maumivu ya kujua haikuwa kurudi kwenye kutojua. Ilikuwa kwenda mbele.

Usinielewe vibaya. Sisemi joto la bahari lina heri iliyofichwa. Joto ni joto, na waliolisababisha wengi wao hawajui hata Pemba iko wapi. Nasema wewe umeliona tundu na ukasimama hapo. Kuhusu tundu hilo hilo wapo waliokwenda mbele. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani aliyefanya kazi miaka mingi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Unguja, pamoja na wenzake, wamejaribu kuipeleka kotoni kwenye maji ya kina, ambako joto halipandi kama pwani, kwa kutumia nyavu zenye umbo la mrija badala ya kamba na vijiti. Wamefundisha na wanawake kusaga mwani wakatengeneza sabuni, ili thamani ibaki huku huku. Njia hizo zina matatizo yake. Maji ya kina yanataka chombo na yanataka kuogelea, na wanawake wetu wengi hawakufundishwa kuogelea. Bahari wanaijua mpaka kiunoni. Lakini hilo ni tatizo lenye jina, na mtu anaweza kuamka asubuhi akalifanyia kazi.

Huko huko Misali kuna somo jengine unalolihitaji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 hifadhi ilipoanzishwa, sheria ziliwekwa kama kawaida, na kama kawaida uvuvi wa baruti haukukoma kwa karatasi. Wakaletwa walimu wa dini wakakaa na wavuvi, wakazungumza uhifadhi kwa aya za Qur'an, kwamba mwanadamu amewekwa ardhini kuwa mwangalizi. Wavuvi walikuwa wameshaambiwa juu ya matumbawe mara nyingi. Safari hii waliambiwa kwa lugha waliyoikubali, na mtu waliyemkubali, wakati waliokaa kusikiliza. Wewe ulichagua wakati wa kufunga mbegu na lugha ya chuo. Chagua upya. Baada ya bamvua, yakiingia maji mafu, yale yasiyotoka mbali, na watu wako majumbani, mwombe mama awaite wenzake wawili watatu barazani. Usianze kusema. Waulize: kotoni ilianza kufa mwaka gani, mwezi gani, upande gani wa pwani, na wapi ilisalimika? Andika. Una elimu ya kuyapanga majibu yale na wao wana miaka ya kuyatoa. Karatasi hiyo ina maana kwa taasisi, na huenda ikakufaa kwenye ajira kuliko barua kumi za maombi, ingawa siahidi, nisije nikakuongezea matarajio.

Na urudi upande wa wenzako. Nyamaza ufunge, usikilize nani kaachwa.

Nije kwenye simu, na hapa nitakuwa mkali. Unachokifanya mpaka saa nane za usiku usikiite elimu. Matumbawe ya Australia ukiyasoma chuoni, kwa mpango, ukijua unatafuta nini, ni elimu. Ukiyasoma kitandani gizani, moja baada ya jengine, bila ya swali, ni kujipiga. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiomba kukingwa na elimu isiyonufaisha, na katika Suratul Maida waumini wanaambiwa wasiulize juu ya mambo ambayo wakidhihirishiwa yatawachukiza. Aya ile ina sababu zake za kushuka, lakini inanitosha kujua kwamba si kila kinachojulikana ni lazima nikifukue mimi, usiku huu. Hata wakubwa wa sayansi wanalijua hili. James Watson, mmoja wa waliolieleza umbo la DNA mwaka 1953, aliposomewa vinasaba vyake vyote mwaka 2007 aliomba afichwe kimoja, kile kinachohusiana na ugonjwa wa Alzheimer wa kusahau uzeeni. Hakikuwa na la kumfanyia, akakiacha. Baada ya Isha simu ilale chumba cha mama.

Kama utafanya hivyo wiki kadhaa na bado hulali, huli, hulioni la kukufurahisha hata kidogo, basi hayo si mambo ya Shangazi wala ya falsafa. Sonona ni maradhi na yana matibabu. Hospitali ya Micheweni iko hapo hapo kwenu. Nenda ukamweleze daktari bila ya haya, na usingoje uwe umeshuka kilo.

Kutamani usingelisoma ni dhambi? Kupitiwa na matamanio si dhambi ninavyofahamu mimi, ingawa hilo mwulize ustadhi. Nakuona umechoka tu.

Sasa mdogo wako. Unataka abaki avue, acheke. Kwanza, umewahi kumuuliza baba mdogo kama mvuvi anacheka? Ana hesabu zake za mafuta, mashine na samaki waliopungua, na bahari anayoivua ni hiyo hiyo inayokuliza wewe. Kumbakisha kijana pwani hakumfichi joto. Kunamfanya alipate bila ya kujua linatoka wapi, na hata hilo atalijua baadaye kwa njia ya hasara.

Pili, na hili nimelirudia mara mbili katika barua yako nisije nikalisoma vibaya: anayetaka umwelekeze ni mama. Huyo huyo anayekuona asubuhi na kichwa kizito, anayekuuliza una nini na humjibu, aliyekuona bamvua lililopita ukiwanyamazisha watu wake. Kayaona yote ambayo skuli imekufanyia, amekaa nayo mwaka mzima nyumba moja, na bado kamtoa wa pili. Umedhani hajui anachokituma?

Mweleze kijana ukweli wa ajira, usimfiche, na mwambie afikirie fani kwa kuuliza waliomaliza na si kwa kusikia jina zuri. Mweleze na kichwa kinavyouma. Kisha mwache aende. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ina utaratibu wake na tarehe zake, na barua zinazokosa kiambatanisho zinarudishwa, kwa hivyo kaa naye mjaze fomu mapema, vyeti vya kuzaliwa viwe tayari, saini ya sheha iwe tayari. Msingoje usiku wa mwisho. Mtandao wa kwenu unaujua mwenyewe.